Cheni ya msumeno hainunuliwi kwa inchi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wapasuaji mbao, wenye mashamba ya miti na wauza vipuri kuhusu jambo linaloua mashine nzima kila siku: namna tunavyonunua cheni mpya ya msumeno wa moto, huu ambao wengi wetu tunauita chensoo na ndugu zetu wa Kenya wanauita pawasoo.

Mazungumzo ya dukani yanajulikana. Mteja anasema, "Kaka, nipe cheni ya inchi ishirini." Muuzaji anashusha boksi, pesa inapokewa, mtu anaondoka. Hakuna aliyeuliza chochote. Inchi 20 ni urefu wa bamba, lile bapa refu ambalo cheni inazungukia. Si kipimo cha cheni. Bamba la inchi 20 linaweza kuvaa cheni ya ndimi 72, au 76, au 80, na hakuna kati ya hizo inayokaa mahali pa mwenzake. Misumeno ya Kichina ya 5200 na 5800 iliyojaa mijini na vijijini kwa kawaida inavaa 76 kwenye inchi 20. Stihl MS 381 yenye bamba la urefu huohuo inavaa 72. Kwa hiyo aliyetaja inchi peke yake amemwachia muuzaji abahatishe, na muuzaji anabahatisha kwa kile kilichobaki kwenye shelfu.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Ukiilaza cheni mezani utaona meno ya kukata, moja linatazama kulia na linalofuata kushoto. Mbele ya kila jino kuna nundu ndogo. Hiyo ndiyo inayoamua jino lizame kwenye mti kiasi gani. Pembeni kuna viungo bapa vilivyoshikwa na ribiti. Chini kuna vipande vyenye ncha vinavyotembea ndani ya mfereji wa bamba na kusukumwa na sproketi, lile gurudumu la meno linalozungushwa na injini. Hivyo vya chini ndivyo ninavyoviita ndimi, na karibu kila swali la mnunuzi linajibiwa na hizo ndimi.

Cheni inatambulika kwa namba tatu: hatua, unene wa ulimi, na idadi ya ndimi.

Hatua ni nafasi ya wastani kati ya ribiti na ribiti, nayo huandikwa kwa inchi. Anza katikati ya ribiti ya kwanza, nenda hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Usipime ribiti mbili tu, maana nafasi kati ya ribiti na ribiti hazilingani: moja ni pana, inayofuata ni nyembamba. Kwenye cheni ya 0.325, umbali wa ribiti tatu ni milimita 16.5. Kwenye 3/8 ni milimita 18.6. Kwenye 0.404, ile ya misumeno mikubwa kama Stihl 070, ni milimita 20.5. Ipo pia ya 1/4 yenye milimita 12.7, lakini hiyo ni ya misumeno midogo ya kukatia matawi. Tofauti ya milimita mbili inaonekana hata kwa rula ya mwanafunzi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kurudi nyumbani na hatua isiyo yake.

Hapa kuna mtego mmoja unaowanasa hata wauzaji wazoefu. Cheni za 3/8 ziko mbili. Ipo ya kawaida, nene na ndefu kwa kimo, ya misumeno ya nguvu. Ipo nyingine yenye kimo kifupi, ya misumeno midogo kama Stihl MS 180. Ukipima ribiti zake unapata karibu umbali uleule, na kwenye boksi zote zimeandikwa 3/8, lakini umbo la ulimi na la sproketi ni tofauti. Cheni fupi ukiifunga kwenye msumeno wenye injini ya sisi 70 itazunguka kwa muda, kisha itakatika, kwa sababu haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Cheni kubwa ukiipeleka kwenye msumeno mdogo haitakaa vizuri kwenye sproketi, na hata ingekaa, injini haina nguvu ya kuivuta ndani ya gogo. Njia ya uhakika ya kuzitofautisha ni kusoma chapa. Cheni ya Oregon iliyogongwa 90 au 91 kwenye ulimi ni ile fupi. Iliyogongwa 72, 73 au 75 ni ile kubwa. Kwa Stihl, angalia namba iliyogongwa kwenye nundu: 6 ni 3/8 fupi, 3 ni 3/8 kubwa, 2 ni 0.325, 4 ni 0.404. Namba hizo ni ndogo sana. Futa oili kwa kitambaa, geuza cheni ielekee jua, utaziona.

Namba ya pili ni unene wa ulimi, kwa sababu ulimi lazima ulingane na upana wa mfereji wa bamba. Vipimo vilivyozoeleka ni vinne: milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Kwenye boksi za inchi vinaandikwa 0.043, 0.050, 0.058 na 0.063. Kati ya 1.5 na 1.6 jicho halioni kitu, na hapo ndipo makosa mengi yanapotokea. Ulimi wa 1.6 hauingii kwenye mfereji wa 1.5, na kweli, mteja wa namna hiyo ana nafuu, kwani atagundua palepale. Mwenye hasara ni yule aliyepewa cheni ya 1.5 kwa bamba la 1.6. Inaingia vizuri, inazunguka, mashine inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini ulimi una nafasi ya kuyumba. Cheni inalala upande mmoja, njia ya kukata inapinda kama mkia wa mbuzi, kuta za mfereji zinaliwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na baada ya wiki chache bamba halifai tena. Mtu analaumu unoaji, ananoa tena na tena, wakati tatizo ni sehemu ya kumi ya milimita.

Fundi mwenye venia apime ulimi wa cheni ya zamani, apime kadhaa, na akipata 1.45 ajue ilikuwa 1.5 ikalika. Kamwe usipime mfereji wa bamba kuukuu na kuuamini, maana mfereji hutanuka. Stihl wanagonga namba ya unene kwenye ulimi wenyewe: 1 ni milimita 1.1, 3 ni 1.3, 5 ni 1.5 na 6 ni 1.6. Kwa Oregon, 72 ni 3/8 ya 1.3, 73 ni ya 1.5, na 75 ni ya 1.6, kwenye 0.325 namba hizo ni 20, 21 na 22 kwa mpangilio uleule.

Idadi ya ndimi haihitaji elimu, inahitaji subira. Paka ulimi mmoja chokaa, hesabu hadi urudi pale pale, kisha hesabu tena. Hesabu ndimi, usihesabu meno. Meno yanaweza kupangwa kwa nafasi tofauti kwenye cheni zenye urefu mmoja.

Mara nyingi kazi yote hii imeshafanywa kiwandani. Kwenye bamba, upande wa nyuma karibu na pale linapofungwa kwa nati, kumegongwa urefu, hatua, unene na mara nyingi idadi ya ndimi. Piga brashi ya waya hapo kabla hujaenda dukani. Usitegemee jina la msumeno peke yake. MS 180 moja imetoka na bamba la ulimi wa 1.1, nyingine ya soko jingine imetoka na 1.3, na zote zinavaa ndimi 50 kwenye inchi 14. Isitoshe, msumeno uliopita mikononi mwa watu watatu huenda bamba lake si lile lililotoka nalo kiwandani.

Wasomaji wengine wameshajiuliza: kama hatua hailingani, si nibadilishe tu cheni? Hapana. Hatua inawekwa na vitu vitatu kwa pamoja: cheni, sproketi ya kwenye klachi, na kile kigurudumu kidogo cha kwenye pua ya bamba kama lako linacho. Vyote vitatu lazima viwe na hatua moja. Unene ni suala la cheni na bamba tu. Anayetaka kuhama kutoka 0.325 kwenda 3/8 anunue sproketi na bamba pia, na ajiulize kama injini yake inatosha. Kwa kawaida misumeno ya chini ya sisi 40 inavaa 3/8 fupi, ya sisi 45 hadi 58 inavaa 0.325, kuanzia sisi 60 inavaa 3/8 kubwa.

Kuhusu sproketi, waendesha bodaboda wanaelewa jambo hili kuliko wapasuaji mbao. Hakuna dereva wa bodaboda mwenye akili atakayefunga cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka kama meno ya papa. Kwenye chensoo tunafanya hivyo bila aibu. Ndimi zikishachimba sproketi kwa kina cha nusu milimita, sproketi hiyo haifai, na cheni mpya ukiivalisha hapo itaharibika ndimi zake ndani ya siku chache. Utaratibu mzuri ni kuwa na cheni mbili au zaidi na kuzizungusha kwa zamu kwenye sproketi moja, zilike pamoja. Anayemaliza cheni moja hadi mwisho ndipo anunue nyingine, kwa ujumla abadilishe sproketi kila anapomaliza cheni mbili. Bamba nalo ligeuzwe juu chini kila cheni inapobadilishwa, ili kuta zote mbili zilike sawa, na kingo zilizotoka kama makucha zisawazishwe kwa tupa bapa.

Sasa kuna desturi moja ya mafundi wa barabarani ambayo naomba tuiache: cheni ikirefuka hadi nati ya kukazia imefika mwisho, fundi anatoa ulimi mmoja na kuunganisha upya. Hesabu yake ni hii. Ulimi mmoja kwenye cheni ya 3/8 ni sawa na milimita 18.6. Kama cheni ya ndimi 72 imerefuka kwa kiasi hicho, basi urefu huo haukutoka mahali pamoja. Umetoka kwenye ribiti zote zilizolika, kama robo ya milimita kwa kila ulimi. Hatua yake si ile tena. Kutoa ulimi kunapunguza urefu, hakurudishi hatua. Cheni hiyo inapanda juu ya meno ya sproketi, inaruka, inakata ndimi, na inaila sproketi mpya. Cheni iliyofika hapo imekwisha, hata kama meno yake bado ni marefu.

Baada ya namba tatu ndipo tuje kwenye jino, na hapa ndipo mnunuzi ana uhuru wa kuchagua. Kuna jino lenye kona kali ya pembe, na kuna jino lenye kona ya mviringo. Litazame kwa mbele, pale sehemu ya juu ya jino inapokutana na ubavu wake: utaona pembe kama ya boksi, au utaona mkunjo laini. Kona kali inakata haraka zaidi kwa sababu inachana nyuzi kwa ncha. Lakini ncha hiyo ndiyo kila kitu, na ikigusa mchanga mara moja imekwisha. Kona ya mviringo ni ya taratibu kidogo, ila inavumilia uchafu na miti migumu, na kuinoa porini kwa tupa ni rahisi.

Kwa hiyo mti ndio unaoamua. Msonobari mbichi wa Sao Hill na mashamba ya Njombe, uliosimama na gome safi, unafaa kona kali. Kazi ni ya haraka na mti ni laini. Msonobari huohuo ukishaburutwa ardhini na trekta umejaa mchanga kwenye gome, na hapo aliyevaa kona kali atanoa mchana kutwa. Mkaratusi mkavu, mkongo, mninga na mpingo vinataka kona ya mviringo. Mtiki wa Longuza na Mtibwa una silika ndani ya mbao yake, chembe za aina ya mchanga ambazo mti wenyewe umezinyonya kutoka ardhini, kwa hiyo unafubaza meno hata kama gogo ni safi kama sahani. Mvule una hila yake. Ndani ya shina mara nyingine hujijenga mawe ya chokaa, magumu kweli, na huyaoni kwa nje. Cheni ikikutana nalo, mlio unabadilika ghafla na pengine cheche zinaruka. Zima, toa, kagua meno. Mnazi mkongwe una ganda la nje gumu lililojaa nyuzi na moyo laini. Hilo ganda linafubaza meno haraka, na wanaoangusha minazi Pwani na visiwani wanalijua. Mwembe wa mtaani una misumari ya mabango na waya wa kuanikia nguo. Kwa miti ya mtaani usivae cheni mpya kabisa. Vaa ile iliyokaribia mwisho.

Kukata gogo kwa kulivuka na kulipasua kwa urefu ili kupata mbao ni kazi mbili tofauti. Cheni ya kawaida inakuja na pembe ya kunoa ya nyuzi 30, nayo ni ya kukata kwa kuvuka. Ukiitumia kupasua, inafanya kazi, lakini uso wa ubao unatoka na mistari mirefu na injini inabebeshwa mzigo. Cheni za kupasulia zimenolewa kwa nyuzi 10. Kama hazipatikani, chukua cheni ya kawaida ya kona ya mviringo uipunguze pembe kidogo kidogo kila unaponoa, mpaka meno yasimame karibu mraba na bamba. Usijaribu kuifikisha kwa siku moja, utakula nusu ya jino. Kwa mabamba marefu ya sentimita 60 na kuendelea zipo cheni zenye meno machache, zilizoachiwa nafasi kubwa kati ya jino na jino, ili unga wa mbao upate pa kukaa na injini isizidiwe.

Neno kwa wanaoanza. Zipo cheni zenye kinundu cha ziada cha kupunguza teke. Teke ni pale robo ya juu ya pua ya bamba inapogusa kitu, na msumeno unarushwa nyuma na juu, kuelekea uso wa mshikaji. Cheni hizo hazifai kudunga mti kwa pua ya bamba, lakini kwa mkulima anayekata kuni na matawi ya mkorosho ndizo zinazomfaa, hata kama fundi atamwambia ni cheni za kitoto.

Sasa kwenye hatari kubwa zaidi. Maduka mengi hukata cheni kutoka kwenye roli. Roli la futi 100 la 3/8 lina ndimi takriban 1,640, na hakuna ubaya wowote kununua kipande cha roli, mara nyingi ni cheni ileile ya boksi. Ubaya uko kwenye kuunganisha. Ribiti inatakiwa kukunjwa kichwa kwa mashine ya kuzungusha na kubana, si kugongwa nyundo juu ya kipande cha reli. Ribiti iliyopigwa nyundo ama inabana kiungo kikakakamaa, ama inabaki na ufa usioonekana. Cheni hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ikikatika, ncha yake inapiga kama mjeledi na kipande cha chuma kinaweza kuruka kama risasi, kwa mstari uleule wa bamba. Ndiyo maana hakuna mtu anayetakiwa kusimama mbele au nyuma ya mstari wa bamba wakati wa kazi, awe msaidizi au mtazamaji. Ukipewa cheni ya roli, tafuta kiungo cha maungio. Kikunje kwa vidole kulia, kushoto, juu na chini. Kinatakiwa kucheza kwa ulaini sawa na jirani zake, na vichwa vya ribiti viwe vya duara, vilivyolingana. Ukiona alama za nyundo, rudisha. Usione haya.

Ukishaishika cheni mkononi, kagua na mengine. Kila ulimi, au angalau kila baada ya ndimi chache, uwe na chapa ileile. Meno yawe na ngozi inayong'aa ya kromiamu juu na ubavuni. Ukikuta mahali pamoja meno mawili ya upande mmoja yamefuatana, usishtuke. Idadi nyingine za ndimi haziruhusu meno kupishana hadi mwisho, na si kasoro. Rangi ya bluu kwenye ncha ya jino ni jambo jingine: hiyo ni alama ya joto la grainda, chuma kimelainika, na jino hilo halitashika makali.

Nunua na tupa papo hapo, kwani tupa isiyo yake huharibu cheni mpya siku ya kwanza. 3/8 fupi inanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.0. 0.325 inataka 4.8. 3/8 kubwa inataka 5.2, na 0.404 inataka 5.5. Tupa isukumwe kutoka ndani ya jino kwenda nje, isirudi ikiwa inagusa. Nundu ikae chini ya makali ya jino kwa milimita 0.65 kwenye cheni nyingi. Asiye na kipimo atumie kipande cha bledi ya hekso ya mkono, upande usio na meno, maana unene wake ni karibu huohuo: weka rula juu ya meno mawili, na bledi ipite kwa shida kati ya rula na nundu. Wanaopunguza nundu kwa jicho wakidhani wanaongeza kasi wanaongeza teke, na wanaichosha injini.

Siku ya kwanza ya cheni ina taratibu zake. Ilaze ndani ya oili safi usiku kucha ili oili ipenye kwenye ribiti. Ifunge na uikaze mpaka iguse bamba kwa chini lakini bado inavutika kwa mkono ukivaa glovu. Washa, iache izunguke kwa nusu resi kwa muda wa dakika mbili au tatu bila kukata, zima, ipoe, kaza tena, maana itakuwa imelegea. Cheni haikazwi ikiwa ya moto. Iliyokazwa ikiwa ya moto inasinyaa ikipoa, inavuta bamba na shafti ya injini usiku kucha, na asubuhi beringi ndizo zinazolipa. Kwa hiyo ukimaliza kazi, ilegeze.

Oili chafu ya gari isiingie kwenye tangi la cheni. Ina chembe za chuma zinazosaga mfereji na pampu, na mshikaji anairushiwa usoni na mikononi siku nzima, na oili iliyotumika si kitu cha kuipaka ngozi. Asiyepata oili ya cheni atumie oili mpya ya injini, SAE 30. Kuhakikisha inafika, elekeza pua ya bamba kwenye gogo jeupe au boksi la karatasi, bonyeza resi. Mstari mwembamba wa oili utaonekana ndani ya sekunde chache. Usipoonekana, safisha tundu la oili la kwenye bamba kwa waya mwembamba kabla hujaharibu cheni uliyoinunua jana.

Ombi langu kwa wauza vipuri ni moja. Andikeni namba zote kwenye risiti, si "cheni inchi 20 moja". Na mteja aandike hivyo hivyo kwenye karatasi au ndani ya simu kabla hajatoka nyumbani, kwa mfano: 3/8 kubwa, unene 1.6, ndimi 72, jino la kona ya mviringo, tupa 5.2. Anayemtuma kijana dukani ampe karatasi hiyo pamoja na ulimi mmoja wa cheni ya zamani uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, apime nao mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Fundi wa misumeno,
Mafinga, Iringa